Warsha za Kompyuta Vyuoni Zimfikie na Karani

Kijana wa Pemba aliyechaguliwa kusoma Chuo Kikuu cha Dodoma huanza kupimwa kabla hajakanyaga ardhi ya Ugogo. Maombi ya nafasi ameyapeleka kwa mtandao, na mkopo ameuomba kwa njia hiyo hiyo. Ada hulipwa kwa kontroli namba inayotolewa na mtambo, na hata tiketi ya treni ya umeme, iliyoanza safari za Dar es Salaam hadi Dodoma mwezi Julai 2024, aweza kuikata akiwa ameketi barazani kwao Mkoani. Akishafika chuoni, husajili masomo yake na kuona matokeo yake kupitia kioo cha simu au cha kompyuta. Jina likikosewa herufi moja tu, fedha zake zaweza kuchelewa, na mwenye kuisahihisha herufi hiyo si profesa bali ni karani wa dirishani.

Ndiyo maana tumeona leo tuzungumzie warsha za ujuzi wa kompyuta zinazofanywa vyuoni kwa ajili ya wanafunzi, wahadhiri na watumishi. Ni jambo linaloonekana dogo kwa wakuu wa ofisi, lakini wazazi wengi wa visiwani wenye watoto wao Bara wanajua gharama yake.

Dodoma ni mahali panapofaa kutazamwa kwa makini. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa mwaka 2007 huko Chimwaga, kwenye ukumbi ule ambamo Chama Cha Mapinduzi kilimteua Ndugu Benjamin Mkapa kuwa mgombea wake wa urais mwaka 1995. Kilikusudiwa kuchukua wanafunzi 40,000, na kina ndaki nzima iliyotengewa sayansi ya kompyuta na elimu ya mtandao. Mwaka huo huo wa 2007 kilifunguliwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana katika majengo ya iliyokuwa Sekondari ya Mazengo. Kuna pia Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini, Chuo cha Elimu ya Biashara, na kule Hombolo Chuo cha Serikali za Mitaa, kinachowafunda watumishi wa halmashauri. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa vitendo mwaka 2016, na sheria ya makao makuu ikapitishwa mwaka 2018, wahitimu wa vyuo hivyo wana wizara jirani pale Mtumba. Wakijifunza vibaya, kasoro hiyo itaingia ofisini pamoja nao.

Warsha zipo, wala hatusemi kwamba vyuo vimelala. Shaka yetu ni juu ya jinsi zinavyoendeshwa. Tuliwahi kuhudhuria moja katika chuo ambacho hatutakitaja. Ilikuwa ya siku mbili. Mtoa mada alisoma maandishi yaliyokuwa ukutani, kwa Kiingereza, tangu asubuhi hadi saa ya chai. Kompyuta zilikuwa chache kuliko washiriki, na walioketi nyuma waliona migongo ya wenzao. Siku ya pili umeme ulikatika saa nne. Majina yakaitwa kwa ajili ya posho, vyeti vikagawiwa, watu wakatawanyika. Jirani yetu alikuwa mama mmoja wa maktaba, mtu mzima mwenye miaka mingi kazini. Alituuliza kwa sauti ya chini namna ya kurudisha maandishi yaliyofutika kwa bahati mbaya. Tulimwonyesha, na haikuchukua hata dakika moja. Akatuambia kwamba kila orodha ikimpotea, huiandika upya tangu mwanzo. Swali lake halikuwamo katika ratiba ya siku zile mbili, na cheti alichokwenda nacho nyumbani hakikusema neno juu yake.

Wazee wa Hazina wanaikumbuka hadithi kubwa kuliko hii. Serikali ilifunga kompyuta yake ya kwanza katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Kabla ya miaka kumi kupita, kazi ya hesabu iliyotegemewa kurahisishwa ilikuwa imeingia katika matatizo. Fedha za kigeni zilikuwa zimetumika, na wananchi wenye ujuzi wa kuusimamia mtambo walikuwa wachache mno. Mwaka 1974 ikapigwa marufuku kuingiza kompyuta nchini, na katazo hilo lilianza kulegezwa katika miaka ya 1980. (Wasomaji wetu wa Unguja watatabasamu hapa, kwa sababu katika miaka hiyo hiyo ya mwanzo wa 1970 wao walikwisha kuwa na televisheni ya rangi, ilhali Bara ilingoja kituo chake hadi 1994.) Wako wanaolicheka katazo la 1974 kuwa ni woga wa kizamani. Sisi hatulicheki. Kosa tunaloliona lilitangulia katazo lenyewe: mashine ilinunuliwa kwanza, mtu akatafutwa baadaye. Mpangilio huo ungali unaonekana katika vyuo vingi, ambako mtambo mpya huwashwa Jumatatu na mafunzo yake huahidiwa muhula ujao.

Lugha nayo haiwezi kupuuzwa. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, walitoa programu ya kazi za ofisi iliyosema Kiswahili, wakaiita Jambo. Walithibitisha kwamba faili, kipanya, hifadhi na futa ni maneno yanayotosha kufanyia kazi. Hata hivyo mhudumu wa masijala, ambaye kazi yake yote huifanya kwa Kiswahili, bado hufundishwa kompyuta kwa Kiingereza, kisha husemwa kuwa ni mzito wa kuelewa. Twaomba wakufunzi waseme naye kwa lugha anayoielewa. Maneno ya Kiingereza yaliyoandikwa kwenye kioo atayazoea baadaye, kama fundi wa gari alivyoyazoea majina ya vipuri.

Kuna tatizo la umeme na mawasiliano, ambalo Wazanzibari hawahitaji kufunzwa. Mwaka 2008 Unguja ilikaa gizani kwa mwezi mzima, na kuanzia Desemba 2009 kwa muda wa miezi mitatu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za mawasiliano zilizo chini ya bahari ziliharibika, intaneti ikadhoofika visiwani, na Dodoma, iliyo mbali kabisa na bahari, ikapata adha hiyo hiyo. Warsha inayomfundisha mhadhiri kutegemea mtandao peke yake imemfundisha nusu ya kazi. Afundishwe pia kuhifadhi masomo yake mahali pawili, na kuyatoa kwa namna ambayo mwanafunzi mwenye simu ndogo na fedha kidogo ya kifurushi aweza kuyasoma. Vyuo vilipofungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona na kufunguliwa tarehe 1 Juni, nchi nzima iliona ni wahadhiri wangapi waliokuwa tayari kwa jambo hilo.

Fedha si kisingizio kikubwa kama zamani. Mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 ulioidhinishwa mwaka 2021 kwa mageuzi ya elimu ya juu umekihusisha Chuo Kikuu cha Dodoma. Tunatambua kwamba majengo yanahitajika. Lakini tungependa kuona fungu dogo la kudumu likitengwa kwa ajili ya watu wawili au watatu katika kila ndaki, ambao kazi yao ni kuketi mahali panapojulikana, saa zinazojulikana, kumsaidia yeyote aliyekwama: mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ambaye hajapata kugusa kompyuta, profesa anayeona haya kumuuliza mwanafunzi wake, au mama yule wa maktaba. Ndaki za Dodoma zimetawanyika vilimani, na mtu hawezi kuacha dirisha lake kwenda kutafuta msaada upande wa pili wa chuo. Wanafunzi wa kompyuta wenyewe wangeweza kushika zamu katika kazi hiyo na kuhesabiwa kuwa ni mafunzo yao ya vitendo.

Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kilichoanza kufundisha mwanzoni mwa karne hii, kinakabiliwa na maswali haya haya, na hatuoni sababu ya wakufunzi wa pande mbili za Muungano kutotembeleana.

Kwa wahusika wa vyuo na wizara tuna ombi moja la kuanzia. Kabla ya kuandaa ratiba ya warsha ijayo, mtu atumwe akakae siku tatu katika dirisha la usajili, aandike kila kitu kinachowakwamisha watu pale, na orodha hiyo ndiyo iwe mada za warsha.