Mikono Iliyowavika Ndege Rangi

Mtu atazamapo taswira ya kasuku iliyopigwa chapa London mnamo mwaka 1831, akaona jinsi kila unyoya ulivyopambanuliwa na mwenziwe na jinsi jicho linavyong'aa kana kwamba lina uhai, aghalabu hudhani kuwa rangi zile zilitoka mtamboni pamoja na mistari. Wala sivyo, kwani katika kazi hizo mtambo haukutoa ila weusi juu ya karatasi nyeupe, na rangi zote, nakala baada ya nakala, zilipakwa kwa brashi na mkono wa binadamu.

Mchoraji alitwaa jiwe la chokaa lililosuguliwa hata likawa sawasawa, akamchora ndege juu yake kwa kalamu ya mafuta, hali amegeuzwa, ili chapa itoke upande wake. Jiwe likaloweshwa maji, kisha likapakwa wino. Penye mafuta wino ukanata, penye maji ukakataa. Karatasi ikalazwa juu yake, ikagandamizwa, na ndege akatokea. Ndipo ilipotiwa rangi nakala moja ya kielelezo, na wapakaji, miongoni mwao wanawake, wakaifuata kwa uaminifu, ilhali majina ya walio wengi hayakuandikwa popote.

Kasuku niliowataja ni wa Edward Lear, kijana aliyeianza kazi hiyo akiwa na umri wa miaka 18 tu. Wakati ambapo wachoraji wengi waliridhika na ndege waliokufa na kujazwa pamba, yeye alikwenda katika bustani ya wanyama ya Regent's Park, mtunzaji akamshikia kasuku aliye hai, naye akampima mabawa na miguu kabla ya kuanza kuchora. Alichapisha nakala 175 tu za taswira 42, na kwa kuwa hakuwa na mali ya kuyaweka mawe, aliifuta michoro yake mara chapa zilipotimia. Kwa maoni yangu, hakuna aliyewachora kasuku vizuri zaidi yake.

Lakini jina lililovuma kupita yote ni la John Gould, aliyekuwa fundi wa kuhifadhi ndege waliokufa na mfanyabiashara hodari wa vitabu. Kitabu chake cha ndege wa Uingereza, kilichotolewa kati ya mwaka 1862 na 1873, kilihitaji, kwa nakala zake zote, taswira zipatazo 280,000 zilizopakwa rangi kwa mkono. Hata hivyo Gould mwenyewe kwa kawaida alichora michoro ya haraka tu, na kuikamilisha juu ya jiwe ilikuwa kazi ya wengine, wa kwanza wao akiwa mkewe, Elizabeth. Bibi huyu ndiye aliyechora taswira zote 80 za kitabu cha mumewe cha ndege wa milima ya Himalaya. Kisha, mwaka 1838, akawaacha wanawe watatu wadogo kwa mama yake, akafuatana na mumewe hadi Australia, akachora ndege na mimea ya huko, na huko huko akajifungua mtoto mwingine. Walirudi mwaka 1840. Mwaka uliofuata, baada ya kumzaa mtoto wake wa nane, alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 37, naye kwa kitabu cha mumewe cha ndege wa Australia alikuwa amekwisha kamilisha taswira 84 kati ya 600. Mumewe alimpa ndege mmoja wa Australia, mdogo mwenye rangi nyingi za kupendeza, jina la ukumbusho wake. Lakini vitabu vyenyewe hata leo huitwa vya John Gould, na hiyo, nasema waziwazi, ni dhuluma.

Basi msomaji akijaliwa kuonyeshwa moja ya taswira hizi, katika jumba la makumbusho au nyumbani kwa mtu, na ashike kioo cha kukuzia aitazame kwa makini. Akiona rangi imegawanyika vinukta vidogo vilivyopangwa safu safu, ajue kuwa hiyo ni nakala ya mtambo wa siku hizi. Akiona mahali rangi ilipovuka mstari kidogo, hapo brashi ilipita. Kisha ashushe macho hadi ukingo wa chini, ayasome majina yaliyoandikwa kwa herufi ndogo, na anapowasimulia wenziwe alichokiona, amtaje Elizabeth Gould kwa jina lake.