Mbu wa Luapula na protini isiyolala

Kwanza meno hulegea. Mtoto wa miaka mitano au sita, aliyekuwa akitafuna mahindi ya kuchoma bila taabu, anaanza kula bukari kwa upande mmoja wa kinywa, na gego lake linatikisika kabla ya wakati. Mama anadhani ni jino tu. Anampa maji ya vuguvugu yenye chumvi asukutue. Baada ya wiki shavu limejaa. Wiki inayofuata ufizi umevimba mpaka midomo haikutani vizuri. Wengine uvimbe huwatokea tumboni badala ya tayani, au husukuma jicho nje. Mara nyingi mtoto halalamiki sana, na hilo ndilo linalowapumbaza watu wazima: anacheza na wenzake huku uvimbe ukiweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Katika saratani zote za binadamu, ni chache mno zinazokwenda kwa kasi hiyo.

Ni limfoma ya Burkitt, saratani ya chembe nyeupe za damu. Kasenga, mji wa wavuvi wa Kongo kwenye ukingo wa mto Luapula, zaidi ya kilomita 200 kutoka Lubumbashi kwa barabara ya Kasomeno, una kila sifa ya mahali ambapo ugonjwa huu hupenda kuwapata watoto: uko chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, una joto, mvua ya kutosha, mabwawa ya mto kila upande, na malaria mwaka mzima. Lubumbashi yenyewe iko juu zaidi, na baridi yake ya Juni na Julai kila Mkatanga anaijua. Tofauti hiyo ya mwinuko, kama tutakavyoona, si jambo dogo.

Nyuma ya uvimbe huo iko protini moja, MYC. Kila mmoja wetu anayo, na bila hiyo asingezaliwa. Ukijikata kidole, ngozi inapoziba, MYC imefanya kazi. Uboho unapotengeneza damu mpya na utumbo unapobadilisha ngozi yake ya ndani, MYC ipo. Ni protini ndogo, asidi amino 439 zilizopangwa mstari mmoja, na peke yake haina nguvu: lazima ishikane na mwenzake aitwaye MAX, kisha wawili hao wakae juu ya DNA na kuamsha jeni nyingi kwa mpigo, zikiwemo za kutengeneza protini, za kuchoma sukari na za kunakili DNA ili seli moja igawanyike kuwa mbili. Kinachotulinda ni kwamba haidumu. Seli ikishaitengeneza, nusu yake huwa imevunjwavunjwa baada ya dakika 20 au 30. Amri inatolewa, inatekelezwa, inafutwa.

Kwa mtoto mwenye Burkitt, amri haifutwi. Na kosa halianzii kwenye protini yenyewe, bali kwenye mahali jeni yake ilipo. Jeni ya MYC hukaa kwenye kromosomu namba 8. Seli B, zile zinazotengeneza kingamwili, zina desturi ambayo seli nyingine hazina: hujikata DNA zao zenyewe kwa makusudi na kuziunga upya, ili zipate kingamwili zinazomshika adui barabara. Kazi hiyo hufanyika kwenye kromosomu 14 zaidi, kwa kimeng'enya kiitwacho AID. Siku ikitokea kimeng'enya hicho kikakata pasipotakiwa, na kipande cha kromosomu 8 kikaungwa kwenye 14, MYC inajikuta imewekwa pembeni mwa jeni za kingamwili, ambazo katika seli B hazizimwi. Ni sawa na mtu aliyehama mtaa wenye umeme wa kukatika-katika akaenda kuishi ukuta kwa ukuta na mgodi. Yeye ni yuleyule, ila sasa taa yake inawaka usiku kucha.

Ubadilishanaji huo wa 8 na 14 huonekana kwa takriban wagonjwa wanane katika kumi. Kwa waliobaki, MYC hubaki kwenye 8, na jeni nyingine za kingamwili, za kromosomu 2 au 22, ndizo huhamia pembeni mwake. Ilichukua miaka kumi kuujua mkasa huu. Mwaka 1972 Manolov na Manolova waliona kipande cha ziada kwenye kromosomu 14 ya seli za Burkitt. Mwaka 1976 Lore Zech na wenzake wa Stockholm walionyesha kwamba kipande hicho kimetoka kwenye 8. Mwaka 1982 watafiti wa Marekani, akina Riccardo Dalla-Favera na Carlo Croce, wakakuta ndani yake imo MYC, jeni ambayo hapo awali ilijulikana kwa sababu ya virusi vinavyowapa kuku saratani.

Lakini hadithi haikuanzia maabara za Ulaya wala Marekani. Ilianzia Mulago, Kampala, mwaka 1957, daktari mpasuaji Denis Burkitt alipoitwa na mwenzake Hugh Trowell amwangalie mtoto aliyevimba pande zote za taya, juu na chini. Burkitt, mtu wa Ireland aliyepoteza jicho moja akiwa mtoto, alikuwa hajaona kitu cha namna hiyo. Muda si mrefu akaona mwingine Jinja. Mwaka 1958 alichapisha taarifa ya watoto 38, na watu wengi hawakuijali. Wenyeji na wamisionari walikuwa wameuona ugonjwa huo zamani sana. Kwenye madaftari ya daktari Albert Cook wa hospitali ya Mengo, yaliyoanza mwishoni mwa karne ya 19, michoro ya taya hizo imo.

Alichokifanya Burkitt baadaye ndicho kinachonifanya nimheshimu kuliko wengi waliopata tuzo kubwa. Alituma vipeperushi vyenye picha kwenye hospitali za Afrika nzima kuuliza: mmewahi kuona hili? Kisha Oktoba 1961 yeye na madaktari wenzake Ted Williams na Cliff Nelson wakapanda gari kuukuu la Ford la mwaka 1954, lililonunuliwa kwa pauni 250, wakaendesha wiki kumi kusini hadi Afrika Kusini na kurudi, zaidi ya kilomita 16,000, wakisimama hospitali hadi hospitali. Hawakuwa na mashine yoyote ya ajabu. Walikuwa na maswali na ramani. Waliporudi, ramani iliwaambia kwamba uvimbe huu haupandi milimani wala hauendi penye baridi au ukame: unahitaji joto lisiloshuka chini ya nyuzi 16 hivi na mvua ya sentimita 50 kwa mwaka au zaidi. Kadiri walivyokwenda kusini ndivyo ulivyozidi kubaki mabondeni. Ramani hiyo ilifanana mno na ile ya mbu.

Mwaka huohuo, mwezi Machi, Burkitt alihutubia London, na mtafiti aitwaye Anthony Epstein alikuwa ukumbini. Epstein aliomba vipande vya uvimbe vitumwe kwa ndege kutoka Kampala. Kwa miaka karibu mitatu hakupata kitu. Desemba 1963 ukungu uliizuia ndege kutua London, ikaenda Manchester, na kifurushi kikachelewa. Kilipofika, maji ya chupa yalikuwa na ukungu, mtu angedhani yameoza. Kumbe zilikuwa seli zilizojinyofoa kwenye uvimbe na kuelea zikiwa hai. Epstein, pamoja na Bert Achong na Yvonne Barr, walizikuza na mwaka 1964 wakatangaza virusi vipya ndani yake: Epstein-Barr, virusi vya kwanza kujulikana kusababisha saratani kwa binadamu.

Hapo kuna kitendawili. Zaidi ya watu tisa katika kumi duniani wana virusi hivyo, na watoto wetu huvipata kabla ya miaka mitatu, kwa mate tu. Kama ni virusi peke yake, Ulaya nzima ingekuwa na taya zilizovimba. Malaria ndiyo inayokamilisha. Kimelea cha falciparum kinachorudi mwilini mwa mtoto tena na tena huzichokoza seli B zizaliane bila kupumzika, na AID ikiwa kazini kila mara. Wakati huohuo huzidhoofisha seli zilizopaswa kuzuia virusi. Virusi navyo huisaidia seli iliyoharibika isife. Katika msongamano huo, uwezekano wa kukata vibaya unaongezeka. Mwaka 2015 majaribio ya panya yalionyesha jambo hilo waziwazi: panya waliougua malaria ya muda mrefu walipata limfoma zenye kromosomu zilizounganishwa vibaya. Mwaka 2017 utafiti wa kaskazini mwa Uganda uliona kwamba watoto waliorithi jeni moja ya selimundu, ile inayowakinga na malaria kali, walikuwa pia na hatari ndogo zaidi ya Burkitt.

Kuna jaribio moja lililofanyika Mara Kaskazini, Tanzania, kati ya 1977 na 1982, ambalo linastahili kukumbukwa zaidi. Watoto wa chini ya miaka kumi waligawiwa klorokwini mara kwa mara, na hospitali ya Shirati ikahesabu wagonjwa wa Burkitt. Malaria ilipungua, na Burkitt ikashuka hadi kiwango cha chini kabisa kilichowahi kuandikwa huko. Jibu safi? Hapana: idadi ilikuwa imeanza kushuka kabla dawa hazijagawiwa, na vimelea vikaanza kuizoea klorokwini. Watafiti waliandika hivyo bila kupamba.

Turudi Kasenga. Katika vijiji vya kandokando ya Luapula na ziwa Mweru utakuta chandarua cha bure kimeshonwa na vingine viwili vitatu kuwa wavu wa kuvulia chisense. Wageni hukasirika wakiona hivyo. Mimi ningewaomba waanze na historia. Enzi za Wabelgiji wafanyabiashara wa Kigiriki walijenga biashara ya samaki Kasenga ili kuilisha Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, na kambi za wachimba madini, na samaki mpumbu, aliyekuwa akipanda mto kwa makundi kutaga mayai, alivuliwa mpaka karibu kutoweka. Mvuvi wa leo amerithi mto uliochoshwa na watu waliokwisha kuondoka. Akipewa nyuzi imara bure, atazitumia kwa njaa ya leo kwanza. Hata hivyo, hesabu ya mwili wa mtoto haimngojei: kila msimu wa mbu bila chandarua ni seli B nyingi zaidi zinazojikata na kujiunga. Chanjo ya malaria ya R21 ilianza kutolewa Kongo mnamo Oktoba 2024, ikianzia Kongo ya Kati, upande mwingine kabisa wa nchi.

Habari njema, na ni njema kweli, ni kwamba kasi inayotisha ndiyo inayoufanya uvimbe huu uyeyuke kwa dawa. Dawa nyingi za saratani huua seli inayogawanyika, na seli ambayo MYC imeinyima usingizi hugawanyika mfululizo. Burkitt mwenyewe, na Peter Clifford huko Nairobi, waliona mapema miaka ya 1960 taya zikinywea kwa siku chache baada ya dozi za cyclophosphamide au methotrexate. Mwaka 1967 Kampala ikafungua kituo cha kutibu limfoma chini ya John Ziegler, kilichokuja kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Dawa hizo ni za zamani, si za bei ya kutisha, na ziko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Katika nchi tajiri takriban watoto tisa katika kumi wanapona. Kwetu wengi hawafiki hapo, na si kwa sababu saratani yao ni nyingine. Huko Barcelona kuna timu ya Laura Soucek inayojaribu dawa ya kuishika MYC moja kwa moja, na majaribio ya kwanza kwa binadamu yamekwisha kuchapishwa. Nawatakia heri, lakini mtoto wa Kasenga hahitaji kuisubiri.

Anachohitaji ni mtu wa kwanza kumwona. Muuguzi wa kituo cha afya akiuliza, «Mama, mutoto iko na miaka ngapi? Jino ilianza kutikisika lini?», amekwisha kufanya nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kutong'oa jino hilo na kumrudisha mtoto nyumbani na antibiotiki, bali kumpeleka panapoweza kuchukuliwa majimaji ya uvimbe kwa sindano nyembamba na kuangaliwa kwa darubini, ambapo seli za Burkitt hujaza kioo zikiwa za buluu iliyokolea, zimebanana, na kati yake seli nyeupe-nyeupe zinazokula maiti za wenzao. Safari hiyo ni Lubumbashi, na wakati wa masika barabara huamua siku ya kufika.

Ng'ambo ya mto ni Zambia. Hospitali ya saratani ya Lusaka ilifunguliwa mwaka 2007, na Februari 2025 Zambia ilitajwa kati ya nchi sita za mwanzo katika mpango wa Shirika la Afya Duniani na hospitali ya St. Jude ya Marekani wa kugawa bure dawa za saratani za watoto. Mpango huo unakusudia kufikia nchi 50 ndani ya miaka mitano hadi saba. Kongo haikuwa katika zile sita.