Jina la Spishi na Matokeo Yake Shambani: Uainishaji wa Nyigu wa Jenasi Cotesia katika Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna spishi za nyigu wa jenasi Cotesia zinavyotambuliwa na kuainishwa, kwa kuzingatia zile zinazoshambulia bungua wa mabua ya mahindi na mtama. Hoja kuu ni kwamba jina lisilo sahihi, liwe la kisayansi au la Kiswahili, linaweza kupeleka shambani nyigu asiyefaa.

1.0 Utangulizi

Maneno nyigu, mavu na dondora humwelekeza msikilizaji kwenye mdudu anayeonekana kwa urahisi na kuogopwa kwa mwiba wake. Cotesia hafanani na taswira hiyo: ana urefu wa takribani milimita 2 hadi 3 na hana madhara kwa binadamu. Jike humfuata bungua ndani ya bua na kutaga makumi ya mayai katika mwili wake. Lava hukulia humo, hutoboa ngozi na kutoka, kisha husokota vifukofuko vyeupe, bungua hufa.

Hapo ndipo istilahi kimelea inapopungukiwa. Kupe na minyoo humtegemea mwenyeji bila kulazimika kumuua, ilhali ukuaji wa mdudu huyu hukamilika kwa kifo cha mwenyeji. Kwa sababu hiyo, makala haya yanatumia istilahi parasitoidi.

2.0 Ngazi na Vigezo vya Uainishaji

Cotesia yumo katika oda ya Hymenoptera, pamoja na nyuki na sisimizi. Familia ya Braconidae. Na nusufamilia ya Microgastrinae. Ugumu mkubwa huanza katika ngazi ya spishi. C. flavipes na C. sesamiae hufanana mno kwa umbo, hata wataalamu hulazimika kuchunguza kwa hadubini viungo vya uzazi vya dume. Sampuli yenye majike pekee huweza kuacha swali bila jibu. Uchanganuzi wa DNA umepunguza tatizo hilo, lakini haujaondoa haja ya kuhifadhi vielelezo katika makumbusho, kwa kuwa jina lolote la spishi hutegemea kielelezo kinachoweza kuchunguzwa upya.

3.0 Spishi Tatu, Bungua Watatu

Bungua Chilo partellus aliingia Afrika kutoka Asia. Ili kumdhibiti, kituo cha icipe kilileta C. flavipes kutoka Pakistani, na mwaka 1993 nyigu hao wakaachiliwa katika pwani ya Kenya. Tayari palikuwapo C. sesamiae, nyigu wa asili wa Afrika. Bila utambuzi makini, mtafiti asingeweza kujua iwapo nyigu aliyepatikana shambani ni mgeni aliyestawi au mwenyeji wa siku zote.

Hata jina sahihi la spishi halikutosha. Nchini Kenya, C. sesamiae wa nyanda za juu hukua ndani ya bungua Busseola fusca, anayeenea katika maeneo hayo. Mayai ya C. sesamiae wa pwani, yakitagwa ndani ya bungua huyohuyo, huzingirwa na seli za kinga na kufa. Tofauti hiyo inahusishwa na virusi ambavyo jike huingiza pamoja na mayai ili kudhoofisha kinga ya mwenyeji. Kwa macho, makundi hayo mawili ni mdudu mmoja. Kwa mkulima wa Kitale, ni tofauti kati ya msaada na hasara.

Mwaka 2017, Kaiser na wenzake walitenga spishi mpya, C. typhae, kutoka katika kundi lililokuwa likihesabiwa kuwa C. sesamiae. Waliunganisha ushahidi wa umbo, wa DNA na wa mwenyeji, kwani nyigu huyu hujifunga na bungua Sesamia nonagrioides. Jina lake linatokana na Typha, mmea wa maeneo ya majimaji ambamo bungua huyo huishi. Kwa kuwa bungua huyo pia hushambulia mahindi kusini mwa Ulaya, spishi hiyo imechunguzwa nchini Ufaransa kama njia ya udhibiti wa kibayolojia.

4.0 Hitimisho na Mapendekezo

Mifano hii inaonesha kuwa ainisho la spishi ni msingi wa uamuzi wa kisera. Mapendekezo matatu yanatolewa. Kwanza, kibali cha kuingiza au kuachilia nyigu kitaje jina la kisayansi, mahali kundi lilipotoka na bungua lilikokuzwa ndani yake. Pili, vielelezo vya kila kundi vihifadhiwe kabla ya kuachiliwa. Tatu, miongozo ya ugani kwa Kiswahili itofautishe parasitoidi na kimelea, na itaje bungua anayelengwa. Mkulima anayeambiwa tu kwamba “nyigu wataletwa” ana haki ya kuwaogopa. Anayeelezwa ni nyigu gani na humuua nani, anaweza kuwalinda.