Je, karatasi ya maabara inaweza kuthibitisha muujiza?

Mtu anayetumia dawa za kufubaza VVU amepimwa wingi wa virusi, jibu limerudi: havionekani. Jumapili anasimama kanisani na karatasi mkononi, anashuhudia kwamba amepona. Waumini wanashangilia. Mwezi unaofuata haendi kuchukua dawa.

Mambo ya namna hii wasikilizaji wetu wa Ngenge na kwingineko Muleba wanayafahamu. Ndiyo maana leo tunalichukua swali hili gumu: je, sayansi, ambayo haihubiri dini yoyote, inaweza kutuonyesha ukweli wa imani ya Kikristo?

Tuanze na karatasi yenyewe. "Havionekani" maana yake ni kwamba virusi katika damu vimepungua mno, hata kipimo hakiwezi kuvihesabu. Havijakwisha. Vingine vimejificha ndani ya chembe za mwili, na dawa ikiachwa huanza tena kuzaliana, mara nyingi ndani ya wiki chache tu. Anayeendelea kumeza dawa na kubaki katika hali hiyo hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Hiyo ni habari njema kweli kweli, lakini ni habari ya dawa inayofanya kazi. Neno "muujiza" halimo katika karatasi ile. Limeongezwa na aliyeisoma.

Hata hivyo, anayesema kwamba sayansi na imani hazina la kuambiana naye amekosea. Ushahidi uko hapa hapa Kagera. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI kutangazwa Tanzania walipatikana mkoani kwetu mwaka 1983. Wazee wanakumbuka ugonjwa ule ukiitwa Juliana, jina la kitambaa kilichokuwa kikiuzwa wakati huo. Wapo waliosema ni uchawi. Wapo waliosema ni adhabu ya Mungu kwa wazinzi, na maneno hayo yalisemwa na watu wa dini pia. Mwaka huo huo wa 1983 watafiti wa Taasisi ya Pasteur, mjini Paris, walikitambua kirusi chenyewe. Baadaye ikaeleweka kwamba kinapita pia kwa damu, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa ujauzito, kujifungua au kunyonyesha.

Ukishajua hivyo, utasemaje juu ya mtoto mchanga aliyezaliwa nacho? Anaadhibiwa kwa lipi? Na mke aliyekuwa mwaminifu maisha yake yote?

Sayansi haikuleta fundisho jipya la Kikristo. Iliondoa uongo uliokuwa umelifunika fundisho la zamani. Katika Injili ya Yohana, sura ya 9, wanafunzi wanataka kujua nani alitenda dhambi hata mtu akazaliwa kipofu, yeye au wazazi wake, na Yesu anayakataa majibu yote mawili. Sura hiyo ilikuwa ikisomwa Kagera miaka mingi kabla ya Juliana. Wengi tuliisoma tukapita.

Makanisa yenyewe hayalijibu swali letu kwa namna moja. Wakatoliki, katika Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano mwaka 1870, walifundisha kwamba akili ya binadamu, kwa kutazama viumbe, inaweza kujua kwa hakika kuwa Mungu yuko. Lakini fumbo kama Utatu halijulikani pasipo ufunuo. Luther aliithamini akili katika mambo ya dunia, ila hakuamini kwamba ingemfikisha mtu kwa Mungu wa msalabani. Lakini Walutheri wana hospitali Ndolage, Wakatoliki wana Rubya, zote Muleba, na maabara zao hazipimi damu kwa katekisimu.

Mipaka hiyo iko hata katika historia. Mwaka 1961 huko Kaisaria, Israeli, lilipatikana jiwe lenye jina la Pontio Pilato. Jiwe linathibitisha kwamba liwali huyo alikuwapo. Kwamba aliyemhukumu alifufuka, jiwe halisemi, wala halikani.

Kwa mwenye karatasi ile mkononi: kushukuru kanisani hakukatazwi na daktari yeyote. Tarehe ya kurudi kliniki imeandikwa kwenye kadi yako, na dozi ya leo jioni bado inakusubiri.