Kiungulia na Kisu cha Mpasuaji

Tumbo la mwanadamu hutoa asidi ya haidrokloriki, na utando wake wa ndani umeumbwa kuihimili. Umio hauna kinga hiyo. Baina yao pana msuli wa mviringo ambao hufunguka chakula kipitapo, kisha hujifunga. Ukilegea, asidi hupanda na mtu huona kiungulia.

Mwaka 1936, huko Istanbul, daktari mpasuaji Mjerumani, Rudolf Nissen, alikata sehemu ya chini ya umio wa mgonjwa mwenye kidonda. Kwa kuhofia mshono usivuje, aliuzungushia sehemu ya juu ya tumbo, mithili ya skafu shingoni. Miaka mingi baadaye aligundua kwamba kiungulia cha mgonjwa yule kimekoma. Kumbe kinga ya mshono ilikuwa dawa! Mwaka 1955, akiwa Basel, aliitumia kwa makusudi kutibu kiungulia, na njia hiyo ingali ikitumika.

Lakini wako wasioweza kufanyiwa. Katika aina moja ya upasuaji wa kupunguza unene, takriban robo tatu ya tumbo au zaidi huondolewa, likabaki mfano wa bomba jembamba. Shinikizo ndani yake huongezeka, na baadhi ya wagonjwa hupatwa na kiungulia. Sehemu ambayo Nissen angeizungusha haipo tena, imekwisha kutupwa. Mara nyingi mpasuaji hutenga kifuko kidogo juu ya tumbo na kukiunganisha na utumbo mwembamba, mbali na asidi na nyongo. Kiungulia hupungua, ila chuma na vitamini B12 havifyonzwi vya kutosha, na mgonjwa hulazimika kumeza vidonge maisha yake yote.