Tiara, Malapa na Magadi: Likizo ya Juni Bila Kwenda Dukani

Waliopanga kalenda ya shule za Tanzania huenda hawakuwafikiria watoto wanaorusha tiara, lakini wamewafaa. Likizo ya katikati ya mwaka huangukia Juni, masika yamekwisha, viwanja vimekauka na kusi limeshika kasi ukanda wote wa Pwani. Upepo huo huvuma kutoka upande uleule, siku nenda siku rudi. Kwa mrusha tiara hakuna msimu unaouzidi.

Ndani ya nyumba hali huwa nyingine. Wiki ya kwanza watoto wanalala hadi saa tatu na katuni zinawatosha. Wiki ya pili rimoti inagombaniwa, sofa limekuwa uwanja wa sarakasi, na mzazi anayerudi kazini jioni anapokewa mlangoni kwa mashtaka. Wengine huwapeleka tuisheni, ilimradi wasishinde nyumbani. Wengine hupita dukani na kurudi na boksi la kazi za mikono: kila kipande kimeshakatwa, gundi imo, na juu ya kifuniko kuna picha ya kitu kilichokamilika. Mtoto anabandika, anamaliza, kisha anauliza kuna nini kingine.

Tiara haimalizwi hivyo. Njiti mbili za chelewa zilizochomolewa kwenye fagio, moja ya sentimita 60 hivi na nyingine fupi kidogo, hufungwa msalaba, theluthi moja kutoka juu. Ile iliyolala huvutwa kwa uzi mpaka ipinde kuelekea nyuma. Bila mpindo huo tiara huyumba ovyo. Kisha hubandikwa gazeti kwa uji mzito wa ngano, unaoshika vizuri kuliko gundi nyingi za dukani ukipewa muda wa kukauka. Mwisho hufungwa mkia wa vipande vya kanga iliyochakaa, na hapo ndipo utamu ulipo. Mkia ukiwa mfupi, tiara huzunguka kama pia na kuchomeka mchangani kwa kichwa. Ukiwa mzito, haipandi. Mtoto wa miaka saba hahitaji kuhubiriwa lolote. Anaongeza kitambaa, anakimbia, inaanguka, anapunguza nusu, anakimbia tena. Anaweza kushinda asubuhi nzima kwenye jambo hilo moja, mradi awe mbali na nyaya za umeme.

Watu wazima waliokulia Dar es Salaam, Tanga au Mtwara watauliza: kwa nini gazeti, na si nailoni? Zamani tiara nzuri ilikuwa ya mfuko wa rambo, mwepesi na usioogopa manyunyu. Mifuko hiyohiyo ndiyo iliyoshindiliwa na kukazwa kwa kamba ikawa mpira wa chandimu. Kenya iliipiga marufuku Agosti 28, 2017, na Tanzania Bara ikafuata Juni 1, 2019. Mitaro ilipumua. Ila hakuna aliyewakumbuka mafundi wadogo waliopoteza malighafi yao kwa siku moja, na wao hawakusubiri kukumbukwa: mifuko ya mkate, ambayo kama vifungashio vingine vya viwandani haikuguswa na katazo, ikaanza kuokotwa, na magazeti yakarudi kazini.

Hali ni hiyo kwa malapa. Lapa lililokatika kamba halijafa. Hukatwa magurudumu manne, yakatiwa waya, yakabeba gari lenye bodi ya dumu la mafuta ya kula. Mwishoni mwa miaka ya 1990, huko Kiunga, kaskazini kabisa mwa pwani ya Kenya, watoto walikuwa wakichonga vitu vya kuchezea kutokana na malapa yaliyotupwa ufukweni na bahari. Mhifadhi wa viumbe wa baharini, Julie Church, aliviona, akawashawishi kina mama wa huko kuchonga na kuuza. Kutoka hapo ikazaliwa Ocean Sole, karakana ya Nairobi inayotengeneza twiga na tembo wa rangi zote kwa malapa yaliyookotwa. Lamu nako, fundi wa majahazi Ali Skanda na wenzake waliunda Flipflopi, jahazi la plastiki iliyorejelezwa lililovikwa vipande vya malapa yapatayo 30,000. Lilishushwa majini Septemba 2018, na mwanzoni mwa 2019 likasafiri kilomita 500 hivi hadi Zanzibar. Kabla ya kutupa malapa mabovu, basi, inafaa kuuliza kama kuna mwenye miaka minane ndani ya nyumba. Kisu ashike mkubwa. Pa kukata aoneshe mdogo.

Mgawanyo huo wa kazi ndio unaowashinda wazazi wengi. Anayeanza kwa kusaidia kufunga fundo moja hujikuta nusu saa baadaye amekaa peke yake na tiara, ulimi nje, mtoto ameshakwenda zake kuchungulia sisimizi. Kenya walilijadili hili kwa kelele. Mtaala wa Umilisi ulioanza kutumika nchi nzima mwaka 2019 uliwataka watoto wa shule za msingi watengeneze vitu nyumbani, yakiwemo masanamu ya kutishia ndege, na muda si mrefu mitandao ikajaa malalamiko ya wazazi waliokesha wakishona suruali za masanamu hayo. Kosa halikuwa la sanamu. Kitu kinachokwenda kupewa alama ni vigumu kukiacha kipinde upande, na mzazi akishajua kuna alama, mkono wake hautulii. Likizo haina alama. Tiara yenye njiti zisizolingana inaruhusiwa.

Friedrich Froebel, Mjerumani aliyefungua shule yake ya watoto wadogo huko Bad Blankenburg mwaka 1837, aliweka kazi za mikono katikati ya siku ya mtoto: kukunja karatasi, kutoboa, kusuka vipande vya karatasi za rangi, hiki juu, hiki chini. Bibi yeyote wa Pemba anayesuka ukili angeitambua kazi hiyo mara moja. Kwa kweli, penye bibi msusi hakuna haja ya karatasi. Miyaa inapatikana, na mtoto wa miaka sita akikaa naye barazani siku chache atatoa kipande cha ukili kilichopinda, lakini kinachoshikana.

Walio chini ya miaka mitano wanataka kufinyanga. Udongo wa kichuguu ni laini na unanata, ndiyo maana vijijini hutumika kutengeneza ng'ombe wa kuchezea. Mjini kuna unga: vikombe viwili vya ngano, kimoja cha chumvi, maji kikombe kimoja yakimiminwa kidogokidogo, na kijiko cha mafuta ya kula ili usikauke haraka. Chumvi huzuia donge lisioze, na pia humfanya mtoto aliyelionja asirudie. Donge maarufu kuliko yote, Play-Doh la Marekani, halikuanza kama mchezo. Kilikuwa kisafishio cha kuondoa masizi ya makaa kwenye karatasi za ukutani, kikitengenezwa na kampuni ya sabuni ya Cincinnati. Watu walipoacha kupasha nyumba joto kwa makaa, soko likafa, hadi mwalimu wa chekechea, Kay Zufall, alipowapa wanafunzi wake donge hilo wakafinyange mapambo ya Krismasi. Mwaka 1956 likaingia madukani kwa jina jipya.

Rangi nazo ziko jikoni. Manjano ya unga yakikorogwa kwa maji na kupakwa kwenye karatasi nyeupe huacha njano kali. Mtoto akichovya pamba kwenye maji ya magadi, yaleyale ya kulainishia maharage, na kuchora juu ya njano hiyo, mstari unageuka mwekundu wa kahawia mbele ya macho yake. Akipitisha limau, njano inarudi. Maji ya rozela hucheza mchezo kama huo kwa upande wake: limau huyaacha mekundu, magadi huyavuta kwenye buluu na kijani. Magadi yakorogwe na mkubwa, na vidole visiende machoni.

Rangi za mafuta za kopo ni habari nyingine. Edward Saidi Tingatinga aliyaanza maisha ya uchoraji Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za kupakia baiskeli juu ya mbao za bei ndogo, na mtindo uliobeba jina lake ukaenea duniani. Wenye picha za mtindo huo ukutani hushawishika kumpa mtoto brashi na kopo lililobaki baada ya kupaka geti. Wasifanye hivyo. Baadhi ya rangi hizo bado zina madini ya risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto.

Mwenye kazi yote hii, katika nyumba nyingi za mjini, si baba wala mama bali dada wa kazi, na ndiye atakayefagia. Aambiwe mapema kwamba sakafu yenye unga si kosa lake, na mkeka chakavu au gunia lililofunguliwa litandikwe kwanza. Vilivyofinyangwa kwa unga vianikwe juani siku mbili tatu kabla ya kuwekwa kabatini, kwa sababu chumvi hunyonya unyevu wa hewa ya Pwani. Hata hivyo masika ya mwaka unaofuata yakifika, tembo wa unga huwa ameshalegea mkonga. Ni wa kutupa, ila mwenyewe aulizwe kwanza.