Amana halali, vitabu vya uongo

Oktoba 13, 2015, hatifungani ya Imperial Bank yenye thamani ya Sh2 bilioni ilikuwa ianze kuuzwa katika Soko la Hisa la Nairobi. Siku hiyohiyo Benki Kuu ya Kenya ikaiweka benki chini ya mrasimu. Mkurugenzi mkuu alikuwa amefariki mwezi uliotangulia, na waliobaki walipopekua vitabu wakakuta mikopo ya mabilioni iliyofichwa wakaguzi wasiione.

Mwenye amana alikuwa amekosa nini? Aliweka pesa katika benki yenye leseni, basi. Kinga anayopewa na sheria ni bima ya amana inayosimamiwa na KDIC, shirika la serikali la bima hiyo: wakati ule Sh100,000, na tangu Julai 2020 Sh500,000. Kiwango hicho ni cha mteja, si cha akaunti. Ukiwa na akaunti tatu katika benki moja zinajumlishwa, na kama una mkopo hapo, deni linakatwa kwanza. Mwenye mshahara wa kawaida anasalimika. Lakini mwenye duka la jumla aliyeweka Sh4 milioni za kulipia kontena lililoko bandarini Mombasa anarudishiwa thumuni. Zilizobaki anapanga foleni kwa mfilisi.

Hata hiyo thumuni haiji mbio, kwani bima hulipwa benki inapofilisiwa, si inapokuwa mikononi mwa mrasimu. Imperial ilikaa kwa mrasimu hadi Desemba 2021. Ni kweli, Desemba 2015 wateja waliruhusiwa kutoa hadi Sh1 milioni kupitia benki za KCB na DTB, ila huo ulikuwa mpango wa Benki Kuu, wala si haki ambayo mteja angeidai mahakamani. Wa Chase Bank, iliyoanguka Aprili 2016, walikuwa na bahati zaidi: milango ilifunguliwa mwezi huohuo, na mwaka 2018 benki ya SBM ya Mauritius ikachukua asilimia 75 ya amana zilizozuiliwa. Robo iliyobaki ikaachwa nyuma.

Kwenye sacco, yaani vyama vya akiba na mikopo, ndiko kubaya zaidi, maana bima ya KDIC haifiki huko. Ukaguzi maalumu wa KUSCCO, muungano wa vyama hivyo, ulipofichua shimo la zaidi ya Sh13 bilioni, sacco zilizokuwa zimeweka akiba humo zililazimika kutenga fedha za kufidia hasara, na fedha hizo hutoka katika faida ya wanachama.